Kalamu Iliyokwama Inamtafuta Msikilizaji

Mhadhara kwa waandishi, walimu na wanafunzi wa fasihi

 

Nimeombwa nizungumzie jambo linalowatesa watu wengi kimyakimya: mtu aliyekuwa akiandika, akaacha, na sasa anataka kurudi lakini hawezi. Daftari analo. Muda akiupata, anakaa mezani. Sentensi ya kwanza ikitoka anaifuta, ya pili ikitoka anaifuta, na mwishowe anafunga daftari akijiambia kwamba kipaji kimekwisha. Wengine hukaa hivyo miezi, wengine miaka. Katika kazi ya kuhariri nimepokea miswada mingi iliyoishia sura ya tatu, na nimezungumza na wenyewe. Karibu wote huongea kwa aibu, kana kwamba wametenda kosa.

Hawana kosa, na kipaji chao hakijakwisha. Ninavyoona mimi, kalamu hukwama pale mwandishi anapompoteza msikilizaji, na nafasi ya msikilizaji ikakaliwa na hakimu. Kwa hiyo anayetaka kurudi kwenye uandishi asianze kwa kutafuta wazo, wala mtindo, wala mchapishaji. Aanze kwa kumtafuta msikilizaji, na awe mmoja tu, mwenye jina na sura. Hoja yangu ya leo ni hiyo, na ushahidi wake umo ndani ya fasihi yetu wenyewe.

Ushahidi wa waliotutangulia

Tuanzie Lamu, mwaka 1858 hivi. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, ni mgonjwa na anajua siku zake si nyingi. Anamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia wenye beti zaidi ya mia. Sote tumeusoma utendi huo shuleni kama mafunzo ya malezi na ndoa. Naomba leo tuutazame kwa jicho jingine, tena beti zake tatu za mwanzo tu. Katika ubeti wa kwanza anamwita binti yake asogee asikilize. Katika wa pili anamweleza kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, na kwamba muda wote huo hakupata kumwambia neno la maana. Katika wa tatu anamwambia aje akae mbele yake, na wino na karatasi, kwa sababu moyoni ana jambo la kumsimulia.

Tazameni mpangilio huo. Mwanamke huyu amekaa kimya mwaka mzima, na kimya chenyewe anakitaja waziwazi bila haya. Lakini hakianzi kuvunjika kwa wino. Kinaanza kuvunjika kwa kumwita mtu, na wino unafuata baada ya msikilizaji kukaa. Baada ya hapo utendi unatiririka mpaka mwisho, kwa sababu mtungaji anajua anasema na nani, na anajua kwa nini mtu huyo anahitaji kusikia.

Bibi zetu walikuwa na kanuni hiyo hiyo katika hadithi za usiku. Msimulizi akisema "Paukwa!" hana ruhusa ya kuendelea mpaka waliokaa wamjibu "Pakawa!" Wasipojibu, hakuna hadithi. Hata katikati ya kisa, watoto wakinyamaza sana, msimulizi huwauliza kama wamelala. Kwa desturi yetu hadithi ni kazi ya pande mbili, na anayeachiwa kuifanya peke yake hana budi kuchoka.

Tuje kwenye magazeti. *Mambo Leo*, gazeti lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na magazeti yaliyolifuata yakaendeleza mila hiyo kwa miongo mingi. Malenga wa Tanga aliweza kuuliza swali kwa shairi, malenga wa Mombasa akamjibu, wa Dodoma akaingia kati kuwasuluhisha au kuwachochea. Walikuwa makarani, walimu, mafundi na wakulima. Wengi hawakuwa na meza maalumu ya kuandikia, na bado walitunga wiki baada ya wiki. Nguvu hiyo waliipata kwa sababu kila shairi lilikuwa jibu, na aliyeulizwa mbele ya watu hupata la kusema. Mshairi Mathias Mnyampala alipozieneza ngonjera aliyafanya majibizano hayo kuwa umbo kamili, watu wawili au zaidi wakisemezana kwa vina na mizani.

Mfano mgumu kuliko yote ni wa mshairi Abdilatif Abdalla. Alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?* Aliwekwa peke yake gerezani. Kama kuna mahali ambapo kalamu ilikuwa na kila sababu ya kukwama, ni pale: hana karatasi ya kuandikia, hana mtu wa kusema naye. Alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Ndani yake mna shairi la "Mnazi", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi, mmoja yuko juu anafaidi na mwenzake yuko chini anadai haki yake. Fikirini hali hiyo. Mtu amenyimwa mwenza wa kuzungumza naye, basi anaumba wazungumzaji wawili na kuwaacha wajibizane. Serikali ilimwondolea wasikilizaji, yeye akawarudisha kwa kutunga.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipitia jambo linalofanana na hilo. Ameeleza katika insha zake kwamba, baada ya kusifiwa kwa riwaya zake za Kiingereza, alifika mahali akajiuliza: watu ninaoandika habari zao nawajua, lakini ninamwandikia nani? Swali hilo lilimkwamisha. Jibu alilipata kijijini Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977, alipofanya kazi na wakulima na wafanyakazi katika mchezo wa kuigiza wa Kigikuyu. Mchezo ulipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini Kamiti mwisho wa mwaka huo. Huko, naye kwenye karatasi za chooni, aliandika riwaya ya Kigikuyu iliyotoka mwaka 1980, ambayo sisi tunaifahamu kwa jina la *Shetani Msalabani*. Anasimulia kwamba kitabu kilisomwa kwa sauti majumbani, viwandani saa ya chakula, na baani. Baani alikuwapo msomaji ambaye, akifika penye utamu na kuona bilauri yake imekauka, huweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamwagizie nyingine. Mwandishi aliyekuwa akijiuliza anamwandikia nani sasa alikuwa na watu walio tayari kulipia ukurasa unaofuata.

Hakimu alivyokikalia kiti

Kama mila yetu ni hiyo, mbona waandishi wetu wanakwama? Naona milango mitatu ambayo hakimu huingilia.

Mlango wa kwanza ni darasa. Tumefundishwa kuisoma fasihi kwa ajili ya mtihani: taja dhamira tano, fafanua wahusika, onyesha tamathali za semi na mbinu za kisanaa. Uchambuzi una kazi yake na siupingi. Lakini kijana aliyesoma vitabu teule kwa namna hiyo miaka minne, akaongeza shahada ya Kiswahili, akikaa kuandika riwaya yake anamwona mtahini amesimama begani. Kabla mhusika hajafungua mlango, mwandishi anajiuliza dhamira iko wapi. Hawezi kusimulia, kwa sababu tayari anajisahihisha.

Mlango wa pili ni hofu ya lugha. Mtu wa Pemba anaogopa lahaja yake, wa Lubumbashi anaogopa kuambiwa Kiswahili chake kimepinda, kijana wa Nairobi anaogopa Sheng yake, na wa bara anaogopa kwamba si Mswahili wa kutosha. Kila sentensi inapita ukaguzi wa usanifu kabla haijazaliwa. Abdilatif alitunga kwa Kimvita chake na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Lugha ya mswada wa kwanza iwe ile unayoota nayo, kwa kuwa kusanifisha ni kazi ya baadaye na ina wataalamu wake.

Mlango wa tatu ni kimya cha wachapishaji. Wengi wao huishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya ya mtu asiyejulikana hukaa kabatini. Mwandishi anapeleka mswada, anangoja, hapati hata barua ya kukataliwa. Akikaa kuandika wa pili, anaandika akikabili ukuta. Na anayewekwa mbele ya ukuta muda mrefu huanza kuamini kwamba ukuta ndio hukumu.

Namna ya kurudi

Sasa tufike kwenye kutenda. Haya ninayoyasema nimeyaona yakiwasaidia watu.

Kwanza, mtaje msikilizaji. Andika jina lake juu ya ukurasa, mtu halisi unayemjua, na ukiandika msemeshe yeye. Shaaban Robert aliandika *Utenzi wa Hati* kwa ajili ya binti yake na *Utenzi wa Adili* kwa mwanawe wa kiume, na leo taifa zima husoma yaliyosemwa na baba kwa wanawe. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi anataka kusimulia habari za baharia anayerudi nyumbani. Amekwama kwenye aya hii: "Ilikuwa ni asubuhi yenye ubaridi wa wastani, jua likichomoza kwa madaha kutoka mafichoni mwake, huku ndege wakiimba nyimbo za kumtukuza Muumba." Ameiandika mara nyingi, akibadilisha ndege na jua. Mwambie sasa amsimulie shangazi yake, aliyekaa barazani anachambua mchele. Atasema: "Shangazi, yule baharia aliyepanga chumba cha uani amerudi. Kaja na mtoto wa miaka minne hivi, na hamwambii mtu mtoto ni wa nani." Tazameni kilichotokea. Jua limeondoka kwa sababu shangazi hana haja nalo. Mtoto amejitokeza, ambaye katika aya ya kwanza hakuwapo kabisa. Na shangazi keshauliza, "Mama yake yuko wapi?" Swali hilo ndilo sura ya pili. Mwandishi hakuongezewa kipaji chochote, amepewa mtu wa kumuuliza.

Pili, simulia kwa mdomo kabla ya kuandika. Simu unayo mkononi. Rekodi sauti yako ukimsimulia rafiki kipande kimoja, kisha kisikilize na ukinakili. Utashangaa kuona kwamba mdomo unajua kuruka yasiyo na maana, unajua kuchelewesha jambo ili mtu atamani kulisikia, unajua kuigiza sauti za watu. Hayo yote mkono uliyasahau ulipoanza kumwogopa mtahini.

Tatu, mpe hakimu siku yake. Hatuwezi kumfukuza, tunamhitaji. Bila yeye hakuna kazi nzuri itakayotoka. Lakini asikae meza moja na anayetunga. Ukiandika sura, iandike mpaka mwisho bila kurudi nyuma kufuta. Ukikosa neno, acha nafasi, endelea. Siku nyingine, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, mwite hakimu na umwache afanye kazi yake kwa ukali wote.

Nne, ikiwa riwaya imekuwa nzito, ingia katika umbo dogo lenye mipaka. Andika barua. Andika ngonjera ya watu wawili waliogombana. Tunga tarbia: mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Akili inayoshughulika kuhesabu mizani haipati nafasi ya kujilaumu, na mara nyingi kina unachokitafuta hukupeleka kwenye wazo ambalo hukulitafuta. Au tafsiri. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi changa ya kuongoza, na bado tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Mfasiri haulizwi kisa kiendeleeje, hicho amepewa tayari, na kazi yake ni kumfikishia msomaji wa Kiswahili neno litakalomwingia. Kwa aliyekwama, hayo ni mazoezi bora kabisa ya kumkumbuka msikilizaji.

Tano, ukiandika, simama ukiwa bado una la kusema. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kuacha akiwa anajua kitakachofuata, ili kesho yake asianze na ukurasa mtupu. Kwa sisi wenye ajira na familia ushauri huo una thamani kubwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi na hakungoja likizo ndefu. Nusu saa inatosha ikiwa jana uliacha sentensi yako njiani.

Vimya vya aina nyingine

Ni lazima niseme pia kwamba si kila kimya kinatibiwa kwa mazoezi. Kuna mtu asiyeandika kwa sababu amechoka, anafanya kazi mbili na kulea wagonjwa. Huyo anahitaji usingizi na mtu wa kumpokea mzigo. Kuna mwenye sonona, ambaye hata chakula hakina ladha kwake. Huyo aende kwa daktari, na sisi tumsindikize. Kuna anayejua kwamba akiandika anachokijua atadhurika. Kimya chake ni busara, na wajibu wa kukivunja ni wa jamii nzima.

Na kuna kimya cha msiba. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alitunga shairi linalobeba jina lake na kumsemesha yeye mwenyewe. Hata mauti hayakumwondoa Amina kwenye kiti cha msikilizaji. Chinua Achebe, ambaye riwaya yake ya kwanza tunayo kwa Kiswahili kama *Shujaa Okonkwo*, alitoa riwaya mwaka 1966, kisha vikaja vita vya Biafra, na riwaya iliyofuata ikatoka mwaka 1987. Ni miaka 21. Lakini katikati ya miaka hiyo aliandika mashairi, hadithi fupi, insha, na vitabu vya watoto. Riwaya ilipokataa alibadili umbo na kubadili aliyekuwa akisema naye, na hakuacha kusema. Kwa hiyo anayeambiwa "umenyamaza miaka kumi" asikubali upesi. Na ajiulize: katika miaka hiyo nilimwandikia nani barua, nilimsimulia nani hadithi, nilitunga nini cha harusi au cha msiba? Pengine alikuwa akiandika muda wote.

Pingamizi moja

Najua kuna watakaosema kwamba mwandishi wa kweli hamjali msikilizaji, kwamba ukiandika kwa ajili ya mtu utaishia kumfurahisha. Pingamizi hili lina uzito. Jibu langu ni kwamba msikilizaji si lazima awe mtu wa kukupigia makofi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, *Kichomi*, mwaka 1974, wenye kushikilia vina na mizani walimpinga kwa nguvu. Riwaya yake ya *Rosa Mistika* ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Hakuna aliyeweza kusema Kezilahabi aliandika ili apendwe. Lakini alikuwa na watu wa kushindana nao kwa hoja, waliomsoma neno kwa neno ili wapate la kumjibu. Mpinzani wa namna hiyo ni msikilizaji makini. Tofauti yake na hakimu ni kwamba mpinzani hujibu, na ukishajibiwa una sababu ya kuandika tena. Hakimu hutoa hukumu na kufunga faili.

Wajibu wetu sisi tusioandika

Kama hoja yangu ni sahihi, basi kukwama kwa mwandishi si tatizo lake peke yake. Kiti kile kiko wazi, na sisi ndio wa kukikalia.

Walimu, mwanafunzi akiwaletea hadithi, kabla ya kumuuliza dhamira, mwulizeni: halafu ikawaje? Wachapishaji, jibuni miswada, hata kwa barua ya mistari mitatu. Mwandishi anaweza kuishi na kukataliwa, kupuuzwa ndiko kunakomuua. Tuzo tulizo nazo, ya Safal kwa fasihi ya Kiswahili na ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere nchini Tanzania, zimefanya jambo kubwa kwa kuwapa waandishi tarehe ya mwisho na matumaini ya kuchapishwa. Lakini tuzo ina majaji, na jaji anafaa mwisho wa safari. Mwanzoni wanahitajika watu wanne au watano wanaokutana mara moja kwa mwezi, maktaba au nyumbani, kila mmoja akasoma kwa sauti alichoandika, na wengine wakasema tu wapi walitamani kuendelea na wapi walichoka. Hilo halihitaji bajeti wala wizara.

Nanyi mliokuja leo, naamini kila mmoja anamjua mtu aliyekuwa akiandika akanyamaza. Msimuulize mbona siku hizi haandiki, kwa sababu swali hilo ni la hakimu, na mwandishi mwenyewe hujiuliza hilo kila siku. Mpigieni simu wiki hii, mtajeni mhusika wake mmoja kwa jina, mmwulize nini kilimpata mhusika huyo, na mpange siku ya kwenda kusikiliza jibu. Siku hiyo ikifika, nendeni.